Kihenge cha Mama Petro

Ukifika nyumbani kwa mtu kuchukua friji ya zamani, usianze na kamba wala bisibisi. Anza na swali: humu mnaweka nini? Usiulize kama inafanya kazi, maana mwenye nyumba atakujibu kuwa ni mbovu, nawe utadhani umejibiwa. Uliza mnaweka nini, kisha nyamaza, umwache afikiri.

Nawaandikia ninyi mnaoendesha yadi yetu ya Karatu sasa hivi, na wenzenu wanaoanza kazi hii kwingineko. Mna glavu nzuri, mna pampu ya kunyonyea gesi na mtungi wa kuihifadhi. Sisi tulianza na misumari. Tulikuwa tunatoboa bomba la friji, gesi inalia kama nyoka, tunasogea pembeni tunapiga soga hadi iishe. Ilikwenda wapi? Juu. Hakuna aliyeuliza juu kuna nani. Nyaya nazo tulikuwa tunazichoma moto ili tupate shaba, na moshi wake ulikuwa mweusi, unakaa kooni wiki nzima kama dawa mbaya. Siku hizi mnazimenya kwa kisu, mmekaa kwenye stuli, redio inaimba. Siwaonei wivu. Nafurahi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa vitu vilivyochoka majumbani na kwenye loji: friji, friza, mashine za kufulia, majiko ya umeme, pasi, maikrowevu. Friji ya Karatu hustaafu mara tatu. Kwanza inastaafu loji, wageni wa Juni wakikaribia na meneja akitaka jikoni pang'ae. Halafu inakwenda kwa mfanyakazi wa loji, inakaa sebuleni kwake na kitambaa cha kufuma juu yake. Ikimshinda huyo, inapelekwa kijijini kwa wazazi. Sisi tulikuwa mwisho wa safari.

Aliyenifundisha ni Mzee Njiku. Alitoka Singida akiwa kijana, kama baba yangu, kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Huko akachukuliwa kwenye karakana ya pampu, na kutoka pampu akaingia kwenye friji. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Friji mpya ikishushwa yadi aliigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kisha anaweka sikio, kama daktari. Nilipomwuliza anasikiliza nini, alinijibu, "Nasikiliza kama kuna panya, Mwaju. Wewe ulidhani nini?"

Kwake nilijifunza kwamba friji iliyosafiri imelala haiwashwi siku hiyo. Mafuta ya kompresa yanakuwa yametembea mpaka kwenye mabomba, lazima uisimamishe uiache yarudi nyumbani kwao. Nilijifunza kwamba maikrowevu iliyochomolewa haijalala, inakuvizia, kwa sababu ndani kuna kitu kinachotunza umeme. Hilo sikujifunza kwa masikio. Nilijifunza kwa mkono, na mkono ukaniambia nikae chini, nikakaa. Na ukifungua friji iliyofungwa tangu msimu wa wageni uishe, simama upande upepo unakotoka. Nyama iliyooza ndani ya giza haina adabu.

Kuna zile friji za gesi, ambazo hazina kompresa. Hizo msizikate kamwe. Ndani yake mna hewa inayochoma macho na mapafu, na maji ya rangi ya manjano yenye sumu. Tena nyingi huwa hazijafa. Tuliwahi kwenda Kakesio kuchukua moja iliyokuwa inatunza chanjo za ng'ombe. Wafugaji walikuwa wameikatia tamaa. Mzee Njiku aliizunguka, akaipindua kichwa chini miguu juu, akaiegemeza ukutani, akaomba chai. Mzee mmoja wa boma alikuja, akaitazama sana ile friji iliyopinduliwa, kisha akauliza kwa upole, "Mnamwaga baridi?" Kesho yake tuliigeuza, tukaisawazisha kwa vijiwe mpaka maji kwenye sahani juu yake yakatulia katikati, tukawasha moto. Ikaganda. Yule mzee akasema kumbe baridi ilikuwa imekwama tu kooni. Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na ndiyo niliyoyatumia kufundishia.

Sasa niwaambie kuhusu sheria ya yadi, ile mnayoilalamikia. Mlango kwanza. Friji au friza ikishushwa, kabla hujanywa maji, unang'oa mlango. Haijalishi kama imefika jua linazama au mvua inanyesha. Mlango ukae upande mmoja wa yadi na sanduku upande mwingine. Mzee Njiku hakuwa na sheria nyingine ya kumfukuzia mtu kazi, ila kwa hiyo aliwafukuza watu. Sababu tuliyokuwa tunaijua wote: mtoto akiingia kwenye friji akafunga, haifunguki kwa ndani, na hewa haipiti. Nilidhani hiyo ndiyo sababu yote.

Alikuja yadi mtu anaitwa Petro, dereva wa watalii, kijana wa Mbulumbulu. Alikuwa anaongea haraka kama mtu anayewahi geti la hifadhi kabla halijafungwa.

"Mama, nina friza nyumbani, ya marehemu mzee. Mbovu. Nguzo za umeme zimefika kwetu, nimemnunulia bi mkubwa friji mpya. Nataka akirudi akute nyumba imependeza."

"Mama yako yuko wapi?"

"Mbulu, msibani. Amefiwa na mdogo wake."

"Na friza ilianza lini kuharibika?"

Petro akacheka. "Mama, hiyo kwetu haijawahi kuwashwa. Mzee alipewa kazini loji, akaileta, umeme wenyewe hakuna."

Tulikwenda mimi na Olais. Olais ndiye alikuwa anaendesha pikapu yetu, mtu wa Arash, mrefu, ameacha ng'ombe kwa kaka zake na bado akiona nyasi nzuri barabarani anapunguza mwendo. Mimi alikuwa ananiita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno. Tulipanda kupitia Rhotia, vumbi jekundu linatufuata mpaka ndani ya masikio.

Friza ilikuwa chumba cha ndani, juu ya mawe manne, imefunikwa shuka. Petro alikuwa ameshatoa vilivyokuwamo. Magunia ya maharage yalikuwa yameegemea ukuta wa baraza. Olais aliinamisha kichwa ndani ya friza, akavuta pumzi, akaniangalia.

"Yeyo, hii haina harufu."

Ni kweli. Friza zote zina harufu, ya samaki, ya maziwa yaliyochacha, ya nyama iliyosahauliwa. Hiyo ilinukia majivu na nafaka kavu. Nikapitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko. Ulikuwa laini, umepakwa mafuta, hauna hata ufa, ingawa friza yenyewe ilikuwa ya zamani sana. Nikamwambia Olais, "Mama wa nyumba hii anatunza vitu." Tukaifunga kamba, tukaipakia, tukashuka.

Ndugu zangu, kazi hii ni ya macho. Macho yangu yaliona kila kitu siku ile, wala hayakuniambia kitu.

Tulipofika yadi, Mzee Njiku alichukua tindo akakata bawaba, akang'oa mfuniko. Siku iliyofuata tukanyonya gesi, tukatoa kompresa, tukageuza sanduku chini juu ili kufikia mabomba. Mpira wa mfuniko niliuvua nikautundika kwenye msumari, maana fundi viatu mmoja alikuwa akiupenda.

Mama Petro alikuja juma lililofuata. Alishuka kwenye bodaboda polepole, akajikung'uta vumbi, akatusalimia mmoja mmoja. Alikuwa mama wa Kiiraqw mwenye umri, amejifunga shuka begani, mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. Tulimpa kiti, akaomba maji, akanywa yote. Ndipo akasema:

"Nimekuja kuchukua kihenge changu."

Mzee Njiku akaniangalia. Nikasema, "Mama, hapa tuna vyuma tu. Vihenge vya kuwekea nafaka hatuna."

"Mnacho. Kile pale."

Alikuwa anaonyesha friza yake, imelala kifudifudi, matumbo yamekwisha kutolewa.

Akafungua fundo la kitambaa. Ndani kulikuwa na maharage madogo, ya rangi ya kijivu, yana michirizi ya zambarau. Sikuwa nimeyaona sokoni. Alichagua moja akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na tundu la duara, safi, kama lililotobolewa kwa sindano.

"Umeona? Fukusi ameshafungua dirisha. Kwenye kihenge changu hakuingia mdudu tangu baba Petro akilete."

Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mkwe mgeni desturi za nyumba. Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia kwenye nyumba ile. Inavumilia baridi ya mlimani na inaiva mapema. Majirani zake waliiacha zamani, wakanunua mbegu ya dukani. Yeye alimgawia mdogo wake aliyeolewa Mbulu, wakawa wawili. Mdogo wake akaugua muda mrefu. Akafariki. Watu walikuwa wengi msibani, na walioshika jiko hawakujua kilichokuwa kwenye mtungi uliofunikwa.

"Waliyapika," alisema. "Tukapakuliwa. Nami nilikula, maana kwenye msiba hukatai chakula. Nikasema moyoni, si neno, mengine yako nyumbani. Nikarudi nyumbani nikakuta friji inawaka taa."

Olais aliacha kumenya waya.

Petro akaingia wakati huo huo, gari la wageni ameliacha barabarani. Bila shaka jirani alimpigia simu. Alikuwa amevaa kofia ya kazi, akaivua.

"Mama, si ungeniambia tu? Kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka, haipitishi hewa. Nakuletea leo."

"Panya wa Mbulumbulu hawajui kusoma maandishi ya mfuko, mwanangu."

"Basi weka kwenye friji mpya."

"Friji yako ni nzuri. Nitaweka maziwa. Ile inatoka jasho ndani, na mbegu ikipata unyevu inaoza. Halafu umeme ukikatika je? Mbegu inataka giza, ukavu, na pasiwe na hewa ya kumlisha mdudu. Inakaa hivyo mpaka masika. Wewe ulikula maharage haya ukiwa huna meno, leo unayamwaga kwenye gunia kama ya kuuza."

Petro aliitazama kofia yake.

Niliona njia rahisi. Nikasema kuna friza nyingine itashushwa kesho kutoka loji, mpira wake mzima, mfuniko wake mzima, tumpelekee hiyo. Nilikuwa nimeanza kusimama Mzee Njiku aliposema neno moja.

"Haitoki."

"Mzee?"

"Sanduku la kufungika halitoki kwenye yadi hii. Mama achukue sanduku lake. Mfuniko unabaki."

Mama Petro akamgeukia. "Baba, sanduku bila mfuniko ni hori la ng'ombe. Mimi nimekuja kuchukua changu. Sijaja kuomba."

"Ni chako. Lakini sitatoa."

"Kwa nini?"

Nilijua atajibu kwamba ni sheria, maana ndivyo alivyowajibu watu wote. Hakujibu hivyo. Alikaa juu ya kompresa ya friza ile ile, akapangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Alisema kwamba walipokuwa wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi shambani, nyumba kubwa ilitupa friji nyuma ya karakana. Watoto wakawa wanacheza nayo. Siku moja mwanawe Idi hakuonekana saa ya chakula. Walimtafuta kwenye kahawa, mtoni, kwenye barabara ya magari. Yeye ndiye aliyepita nyuma ya karakana akaona friji imefungwa, na asubuhi ilikuwa wazi.

"Nilimtoa ana uhai," alisema. "Alikuwa amelegea, lakini ana uhai. Ndani ya mlango kulikuwa na alama za kucha."

Mama Petro akauliza, "Sasa yuko wapi?"

"Singida. Analima alizeti. Ana mke na watoto. Bado analala mlango wazi, hata wakati wa baridi. Mkewe amezoea."

Nilifanya kazi na mzee huyu miaka mingi, tukala sahani moja, na sikuwa najua hilo. Mama Petro alilijua baada ya kuuliza swali moja.

Halafu akasema, "Nami wajukuu ninao wengi. Likizo wanajaa kama vifaranga. Sikuwahi kufikiri hilo, kwa sababu kihenge changu kina mbegu. Kikijaa, mtoto hana pa kuingia."

"Na kikiwa tupu?" akauliza Mzee Njiku.

"Kikiwa tupu, mfuniko hauna kazi."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza niliona wanatazama kitu kimoja, maana wote wawili waligeuka kuutazama mfuniko uliokuwa umeegemea ukuta upande wa pili wa yadi.

"Bawaba nimeshazikata," alisema mzee, kama anayejisemea.

"Sizihitaji. Mama mkwe wangu hakuwa na bawaba. Alikuwa na chungu. Alijaza mbegu, akaongeza majivu mpaka mdomoni, akaweka kigae juu, akakandika kwa samadi na majivu. Ikikauka unahitaji panga kufungua. Mtoto hawezi. Mimi mwenyewe siwezi bila kuchukia."

"Na siku ya kupanda?"

"Siku ya kupanda natoa mbegu, na mfuniko nauondoa mahali hapo. Hautalala pamoja na sanduku tupu hata siku moja. Nakuahidi mbele ya mwanangu."

Mzee Njiku aliinuka kwenye kompresa. Kisha akaniambia, "Mwaju, lioshe sanduku. Mafuta ya kompresa yasiguse mbegu ya mtu."

Basi tukafanya kazi tusiyowahi kuifanya, ya kutengeneza tulichokuwa tumebomoa, ila kwa namna nyingine. Nililiosha kwa maji ya moto na majivu, nikaliacha juani mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Nikiwa nimeingiza kichwa ndani niliona mwanga mdogo chini kwenye kona. Kila friza ina tundu la kutolea maji ya barafu, na tulipotoa mabomba tulikuwa tumeacha matundu mengine. Kwa mtu ni matundu madogo, ila kwa fukusi ni barabara kuu. Nikayaziba kwa vijiti vya mti na nta ya nyuki. Mpira wa mfuniko nikautoa kwenye msumari, nikamwomba radhi fundi viatu, nikaurudisha mahali pake. Mama Petro aliupaka mafuta mwenyewe.

Tulilirudisha kwa pikapu ile ile. Maharage yalianikwa juu ya turubai. Mimi nilisema tutandaze kwenye bati, jua liwamalize wadudu haraka, akanikataza. "Bati litayapika, binti yangu. Mbegu iliyopikwa na jua haisemi, mpaka uipande ndipo inakunyamazia." Akayapepeta kwa ungo, akayachambua moja moja na wake za wanawe, yenye dirisha pembeni, mazima ndani. Majivu yalitoka kwa majirani, kila nyumba ndoo yake. Olais aliyabeba, amekuwa mweupe kope na nywele.

"Yeyo, kwetu Arash wakiniona hivi watasema nimetahiriwa upya, nimepakwa chokaa ya jando," alisema, na kina mama wakacheka mpaka ungo ukaanguka.

Petro naye alikanda samadi. Alivua saa kwanza, akaiweka juu ya friji mpya. Mama yake alimpitia nyuma akasema, "Nyembamba zaidi hapo, dereva. Usirushe kama unapita kwenye tope." Jua lilipokwenda upande wa pili wa mlima, mfuniko ulikuwa umeshakandikwa pande zote, na friza ilionekana kama kaburi dogo safi. Hatukulisema hilo.

Halafu tukasubiri. Hakuna la kusimulia kuhusu kusubiri. Watalii walikuja wakaenda, mvua za vuli zilinyesha kidogo zikakata. Mara kwa mara Mzee Njiku alikuwa akiniuliza, "Petro hajapita?" Kama hajapita, anarudi kwenye bisibisi yake. Hakuwahi kuniambia anachokihofia. Nami nilikuwa na hofu yangu: nta. Usiku mwingine niliota tundu moja nimelisahau.

Mawingu ya masika yalipoanza kukaa mlimani bila kuondoka, Mama Petro alituma salamu. Alitaka sote watatu tuwepo wakati anafungua. Mzee Njiku, ambaye hakuwa mtu wa kwenda kwa watu, alivaa kanzu na koti.

Petro alikata samadi kwa panga. Ilitoka vipande vipande, migumu kama kigae. Waliinua mfuniko, yeye na Olais, na kabla hawajauweka chini Mzee Njiku akauliza, "Huo unakwenda wapi?"

"Chini ya godoro langu," alisema Mama Petro. "Kitanda kimelegea ubao mmoja. Utalala na mimi mpaka mavuno."

Ukapelekwa ndani. Tukauona ukipita mlangoni.

Juu kulikuwa na majivu tu, ya kijivu, yametulia. Mama Petro alikunja mkono wa gauni, akauzamisha mpaka kiwiko. Uso wake haukuonyesha kitu. Akautoa mkono umefungwa ngumi, akapuliza. Maharage yalikuwa yanang'aa, michirizi yake ya zambarau kama imechorwa asubuhi ile. Akayageuzageuza kwa kidole, moja moja, akitafuta dirisha. Kisha akaweka moja mdomoni, akaliuma.

"Meno yamekataa," akasema, yaani lilikuwa kavu kama lilivyoingia.

Olais alijipiga kofi pajani. Mama Petro hakutazama yeyote kati yetu. Alimwambia Petro, "Leta debe."

Aliyatoa yote. Moja ya kumi hivi aliigawa hapo hapo: kidogo kwa jirani aliyetoa majivu mengi, kidogo kwa mtoto wa marehemu mdogo wake aliyekuja kutoka Mbulu, konzi moja moja kwetu sisi wa yadi. Nilifungua mdomo kushukuru, akanizuia. "Mbegu haishukuriwi. Panda." Nilipanda nyuma ya nyumba yangu, na hadi leo ndiyo ninayokula. Olais aliipeleka Arash, ambako kaka zake walimwuliza kama sasa amekuwa mkulima, akasema hapana, amekuwa kihenge.

Baada ya hapo watu wa Mbulumbulu walianza kutuita. Friza zilizokufa, zenye mpira mzima, tuliacha kuzikata. Tunanyonya gesi, tunatoa kompresa na shaba, tunaziba matundu, na sanduku linapanda mlimani bila bawaba. Mfuniko unakwenda safari yake tofauti, na mwenye mbegu anaahidi atakapouweka. Mkisikia watu wanaviita vihenge vya Karatu, mjue vimetoka wapi. Na ndiyo maana swali la kwanza ni lile nililoanza nalo. Mlango unafuata.

Ila siku ile ya kufungua haikuishia kwenye kugawana. Tulikaa barazani tukinywa chai ya maziwa. Sanduku lilikuwa limetolewa uani likauke, tupu, limetazama juu, mawingu yanapita juu yake. Mjukuu wa Mama Petro, msichana mdogo mwenye pengo la meno ya mbele, aliliendea, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akakaa ndani. Alikuwa na kifuniko cha sufuria, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kukizungusha huku na huku.

"Geti. Geti. Fungua, nina wageni."

Niliona kikombe cha Mzee Njiku kimesimama njiani kati ya meza na mdomo. Petro alikwisha kuinuka kwenda kumtoa mtoto. Mzee akamzuia kwa kiganja. Akaweka kikombe chini, akatembea mpaka pale, akaweka mkono kwenye ukingo, mahali ambapo bawaba zilikuwapo. Alipapasa alama za tindo lake mwenyewe. Akatazama juu, akamtazama mtoto.

"Dereva, kuna nafasi?"

Mtoto alimkagua kutoka kanzu mpaka viatu. "Babu, wewe ni mgeni au mwenyeji?"

"Mwenyeji."

"Basi panda. Usitoe kichwa, kuna simba."

Mzee Njiku alikusanya kanzu yake, akaingia mguu mmoja baada ya mwingine, akakaa, magoti yakagusa kidevu. Mama Petro aliacha kumimina chai. Hakuna aliyecheka. Msichana aliwasha gari kwa mdomo, wakaanza kupanda mlima, na mzee hakutoka humo mpaka walipofika kreta kuona wanyama na kurudi.